Mbona sikupata tangazo? SPF, DKIM, DMARC na barua pepe za jumuiya zetu

Kuna lawama moja inayozunguka katika jumuiya zetu za Wapwani walioko bara, kuanzia Ongata Rongai kando ya barabara ya Magadi hadi Kitengela na Kajiado mjini. Mwanachama analalamika: "Mbona mimi sikupata tangazo la mkutano?" Katibu anajibu: "Nilituma kwa wote, na jina lako limo kwenye orodha." Mmoja anaonekana mvivu wa kusoma, mwingine anaonekana mbaguzi. Aghalabu wote wawili wanasema kweli. Barua ilitumwa, na barua haikufika.

Jambo hili si dogo. WhatsApp ni ya salamu, picha na habari za haraka. Barua pepe ndiyo inayobeba kumbukumbu za mkutano, hesabu za mfuko, katiba, fomu za basari za watoto, na matangazo kwa ndugu walioko Muscat, Dubai, London na Toronto. Msiba unapotokea, kwetu Waislamu maiti hakawizwi. Tangazo likilala siku mbili kwenye folda ya spamu, aliyelipata hana tena la kufanya ila kusoma dua akiwa mbali. Na ukiwa ni mchango wa matibabu, barua isiyofika ni pesa isiyofika.

Makala haya yanaeleza kwa nini barua za orodha hupotea, chanzo chake ni nini, na msimamizi wa orodha, mwenye anwani na mwanachama wa kawaida kila mmoja afanye lipi. Si lazima uwe fundi wa kompyuta ili uyafuate.

Orodha ya barua hufanya nini

Orodha ya barua pepe ni anwani moja inayosimama badala ya watu wengi. Mwanachama mmoja huandika kwa anwani hiyo, na programu iliyo kwenye seva hupokea barua, huinakili, kisha humpelekea kila aliyeandikishwa. Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni GNU Mailman, ambayo ni ya bure. Wengine hutumia makundi ya Google. Wengi wa Afrika Mashariki walioko ng'ambo walitumia makundi ya Yahoo mpaka yalipofungwa tarehe 15 Desemba 2020.

Njiani, programu hii huwa na mazoea matatu. Huongeza jina la kundi mwanzoni mwa mada, mathalani neno "Jumuiya" ndani ya mabano, ili msomaji ajue barua imetoka wapi. Huongeza mistari michache mwishoni inayoeleza namna ya kujitoa. Na huliacha jina la mwandishi wa asili pale juu panapoonyesha barua imetoka kwa nani. Kwa miaka mingi mazoea haya hayakumdhuru mtu. Siku hizi ndiyo yanayoua barua.

Bahasha na karatasi ya ndani

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima tujue kwamba kila barua pepe ina majina mawili ya mtumaji. Fikiria barua ya posta. Nje kuna bahasha yenye anwani ya kurudishia endapo mpokeaji hapatikani. Ndani kuna karatasi iliyotiwa jina la mwandishi. Posta husoma bahasha tu, nawe msomaji husoma karatasi tu. Majina hayo mawili si lazima yafanane.

Barua pepe imejengwa vivyo hivyo. Kanuni yake ya usafirishaji, SMTP, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati intaneti ilikuwa ya watafiti wachache waliojuana. Kanuni hiyo haikumtaka mtu athibitishe kuwa yeye ndiye anayejitaja. Yeyote aliweza kuandika jina la yeyote juu ya barua, na seva ikaipeleka.

Matapeli waliliona pengo hilo. Ndiyo maana watu hupata barua yenye jina la mwenyekiti wao ikiomba mchango wa dharura upelekwe kwa namba ya simu isiyojulikana, ilhali mwenyekiti mwenyewe hana habari. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, nayo inataja ulaghai wa namna hii kuwa kosa. Lakini sheria humkamata mtu baada ya kosa. Mafundi walitaka barua ya kughushi ikataliwe mlangoni.

Walinzi watatu wa mlangoni

Mlinzi wa kwanza ni SPF. Mwenye domeini, yaani jina lile linalofuata alama ya @, huandika kwenye daftari la wazi la majina ya intaneti liitwalo DNS orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake. Seva inayopokea hutazama barua imetoka seva gani, kisha hulinganisha na daftari. Ikiwa seva haimo, barua inatiliwa shaka. Toleo la kanuni hii linalotumika sasa ni la Aprili 2014. Kumbuka tu kwamba SPF hukagua jina la kwenye bahasha. Jina unaloliona wewe msomaji haligusi.

Mlinzi wa pili ni DKIM. Huyu alizaliwa kwa kuunganisha kazi mbili, moja ya Yahoo na nyingine ya Cisco, na kanuni yake ilitolewa mwaka 2007, kisha ikaboreshwa mwaka 2011. Seva inayotuma hutia muhuri wa kihesabu juu ya barua. Muhuri huo huhesabiwa kutokana na maneno ya barua yenyewe pamoja na sehemu za juu zilizochaguliwa, kama jina la mtumaji na mada. Seva inayopokea huchukua ufunguo wa wazi kutoka DNS na kuukagua muhuri. Herufi moja ikiongezwa kwenye maneno yaliyotiwa muhuri, muhuri umevunjika.

Mlinzi wa tatu ni DMARC. Ilitangazwa Januari 2012 na kundi la kampuni zikiwemo Google, Microsoft, Yahoo na PayPal, na maelezo yake yakachapishwa rasmi Machi 2015 kwa namba RFC 7489. DMARC haileti ukaguzi mpya, bali inawaunganisha wale wawili na kuuliza swali moja zito: je, domeini iliyopita ukaguzi ndiyo hiyo hiyo domeini inayoonekana kwenye karatasi ya ndani, pale juu anaposoma binadamu? SPF ikipita na domeini zikilingana, barua imekubaliwa. DKIM ikipita na domeini zikilingana, imekubaliwa pia. Mojawapo inatosha. Zote mbili zikishindwa, seva hufuata agizo la mwenye domeini.

Agizo hilo lina ngazi tatu. "p=none" maana yake msifanye lolote, nileteeni ripoti tu. "p=quarantine" maana yake itieni shaka, na kwa kawaida barua huishia kwenye spamu. "p=reject" maana yake ikataeni kabisa, isiingie.

Sasa irudishe orodha yetu kwenye hesabu hiyo. Mwanachama ameandika kwa anwani ya Yahoo. Seva ya jumuiya imeipokea barua na kuituma upya. Kwenye bahasha imeandika jina lake yenyewe, ili barua zinazorudi zimrudie msimamizi. Basi SPF inapita, lakini kwa domeini ya jumuiya, si ya Yahoo, na kulingana hakuna. DKIM ya Yahoo ilikuwemo, lakini seva imeongeza neno kwenye mada na mistari mwishoni, na muhuri umevunjika. Milango yote miwili imefungwa. Yahoo imeagiza kukataa, na barua halali ya mwanachama halali inakataliwa kana kwamba ni ya tapeli.

Aprili 2014: siku kanuni ya mabenki ilipowashukia raia

DMARC ilipotoka, waliofaidika kwanza ni wale ambao jina lao ni shabaha ya wezi na barua zao hutoka kwa mashine: benki, kampuni za malipo, maduka ya mtandaoni. Taarifa ya benki haina haja ya kupitia orodha ya jumuiya. Kwa hao, agizo la kukataa halikuwa na madhara.

Mambo yaligeuka Aprili 2014. Yahoo iliweka "p=reject" kwa anwani zote za yahoo.com, zile za watu wa kawaida, na AOL ikafuata mwezi huo huo. Sababu yao ilikuwepo. Wezi walikuwa wameiba taarifa za akaunti na daftari za anwani, wakawa wanawaandikia watu barua chafu kwa majina ya marafiki zao. Agizo la kukataa liliifunga njia hiyo usiku mmoja.

Walakin lilifunga na njia nyingine. Orodha za barua kote duniani, za vyuo, za madaktari, za misikiti na makanisa, za wapanda baiskeli, ziliona barua za wanachama wa Yahoo zikirudishwa kwa mamia. Hata chombo cha IETF, kinachoandika kanuni za intaneti zenyewe, baadaye kililazimika kubadilisha anwani za waandishi kwenye orodha zake ili barua zipite. Septemba 2016 ulitolewa waraka mzima, RFC 7960, wa kuorodhesha matatizo ya DMARC kwa barua zinazopitia mikononi mwa watu wengine.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo, intaneti ilikuwa ya saiba, unalipa kwa dakika, na watu wengi anwani yao ya kwanza ilikuwa ya Yahoo. Kizazi cha waliokuwa vijana wakati ule ndicho leo kinachoshika nafasi za wenyeviti, makatibu na wazee wa jumuiya, na wengi wao hawajaiacha anwani ile, kwa kuwa ndiyo iliyoko kwenye benki, pasipoti na nyaraka za ardhi. Alhasili, barua zinazokataliwa mara nyingi ni za wale wale ambao jumuiya inahitaji kuwasikia.

Anayeadhibiwa siye aliyeandika

Hapa ndipo kadhia inapozidi kuwachanganya watu. Tuchukue mfano wa kubuni. Orodha ina wanachama 300. Kati yao, 200 wako kwenye seva zinazofuata agizo la DMARC kwa ukali. Mzee mmoja mwenye anwani ya Yahoo ameandika barua. Wale 200 hawaipati. Seva zao zinairudisha kwa seva ya jumuiya zikisema: nimeikataa.

Programu ya Mailman haijui kuwa kosa ni la kanuni. Inadhani anwani za wale 200 zimekufa. Kwa mpangilio wake wa kawaida, kila siku barua inaporudi kutoka kwa mwanachama, mwanachama huyo anaandikiwa alama moja. Alama zikifika 5 kabla hazijapitwa na wakati, uanachama wake unasimamishwa, hapelekewi barua tena. Mzee wetu akiwa mchangamfu wa kuandika, siku tano tu zinatosha kuwasimamisha watu 200 ambao hawakufanya lolote. Yeye mwenyewe huenda asiwemo kati ya waliosimamishwa, na anashangaa kwa nini hakuna anayemjibu.

Ndiyo maana malalamiko huwa ya ajabu ajabu: "Zamani nilikuwa napata, zikakatika ghafla." "Nazipata za fulani, za fulani sizipati." Msimamizi akisikia maneno ya namna hii, asianze kumtuhumu mtu. Aingie kwenye ukurasa wa wanachama atazame ni wangapi wamesimamishwa kwa sababu ya barua kurudi. Wakiwa wengi kwa mpigo, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni DMARC.

Dawa zilizopo, na gharama ya kila moja

Dawa ya kwanza ni kubadilisha jina la mtumaji. Badala ya barua kuonyesha imetoka kwa anwani ya mwandishi, inaonyesha imetoka kwa anwani ya orodha, na jina la mwandishi linabaki kando. Waliowahi kusoma orodha ya KICTANet, ambapo wadau wa teknolojia nchini Kenya wamekuwa wakijadili sera kwa miaka mingi, wanajua sura yake: jina la mtu, kisha maneno "via kictanet". Makundi ya Google nayo hufanya hivyo kwa waandishi ambao domeini zao zina agizo kali. Kwa kuwa sasa domeini inayoonekana ni ya orodha yenyewe, SPF na DKIM za orodha zinalingana nayo, na barua inapita.

Mailman iliongeza uwezo huu kabla ya msukosuko ule, na toleo la 2.1.18 la mwaka 2014 likaruhusu mabadiliko yafanyike kwa waandishi wenye domeini kali tu. Kwenye toleo hilo, msimamizi hutafuta mpangilio uitwao dmarc_moderation_action katika sehemu ya faragha, chini ya vichujio vya watumaji, kisha huchagua "Munge From". Kwenye Mailman 3 kuna ukurasa mzima unaoitwa "DMARC Mitigations". Ni kazi ya dakika tano.

Gharama yake ni adabu na siri. Mtu anapobonyeza kujibu, jibu linaweza kwenda kwa kundi zima badala ya kwa mwandishi, kutegemea mpangilio wa anwani ya majibu. Kwa jumuiya zinazozungumzia ndoa, mirathi na madeni, hili si jambo la kupuuza. Neno alilokusudiwa mtu mmoja likisomwa na 300, halirudi tena mdomoni. Msimamizi ajaribu kwanza kwa anwani zake mwenyewe aone jibu linakwenda wapi, kisha awatangazie wanachama kabla ya kubadilisha.

Dawa ya pili ni kuiacha barua kama ilivyo. Usiongeze neno kwenye mada, usiongeze mistari mwishoni. Muhuri wa DKIM wa mwandishi utabaki mzima, na barua itapita kwa jina lake mwenyewe. Hii ndiyo njia safi zaidi. Gharama yake ni kwamba msomaji hataona jina la kundi kwenye mada, na mwandishi ambaye domeini yake haitii muhuri wa DKIM hatasaidika. Anayetaka kupanga barua zake anaweza kutumia alama ya List-Id, ambayo haionekani kwa msomaji lakini programu za barua huisoma.

Dawa ya tatu ni kuifunga barua ya asili ndani ya barua mpya, kama kutia bahasha ndani ya bahasha. Inapita, lakini kwenye simu nyingi barua huonekana kama kiambatisho, na wazee hawaifungui. Siipendekezi kwa jumuiya.

Dawa ya nne ni ARC, iliyotolewa Julai 2019 kama kanuni ya majaribio. Aliyesoma madrasa ataielewa upesi kwa mfano wa isnadi. Hadithi haipokelewi kwa maneno yake tu, hutazamwa nani kaipokea kutoka kwa nani. ARC hufanya hivyo kwa barua. Kila seva inayoipitisha huandika ilivyoikuta, kwamba nilipoipokea muhuri ulikuwa mzima, kisha hutia muhuri wake juu ya ushahidi huo. Seva ya mwisho husoma mlolongo mzima. Lakini kama ilivyo katika isnadi, mlolongo una nguvu ya wapokezi wake. Seva ya mwisho ikiwa haiijui seva ya jumuiya yako au haiiamini, ushahidi wake hautaisaidia barua. Kwa hiyo washa ARC ikiwa programu yako inayo, ila usiitegemee peke yake.

Dawa ya tano, ambayo wengine waliijaribu mwaka 2014, ni kuwakataza wenye anwani za Yahoo wasiandike. Hiyo si dawa. Ni kumfukuza mgonjwa hospitalini ili takwimu zipendeze.

Masharti ya 2024 na 2025

Aliyedhani haya ni mambo ya zamani atazame yaliyofuata. Oktoba 2023 Google na Yahoo zilitangaza masharti mapya yaliyoanza Februari 2024. Kila anayetuma barua kwa anwani za Gmail anatakiwa awe na SPF au DKIM. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku anatakiwa awe na zote mbili, pamoja na DMARC, hata kama ni ya ngazi ya "p=none". Barua zake zinazolalamikiwa kuwa spamu zisifike asilimia 0.3. Za matangazo ziwe na kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja. Kwa wenye orodha, Google ilishauri watumie ARC na List-Id. Microsoft ikaweka masharti yanayofanana kwa watumaji wakubwa wanaoandikia anwani za Outlook na Hotmail kuanzia Mei 2025.

Usiseme "sisi hatufiki barua 5,000." Fanya hesabu. Orodha yenye wanachama 300 ambapo watu 20 wamejibu tangazo la msiba siku moja imetoa barua 6,000. Si zote zinakwenda Gmail, lakini unaona jinsi kidogo kidogo kinavyojaza kibaba. Tena, Google ilionya kuwa jina la gmail.com nalo litalindwa dhidi ya wanaolitumia bila kupitia kwake. Msimamizi asikae akidhani kuwa tatizo ni la Yahoo peke yake.

Kama jumuiya ina domeini yake

Shule, misikiti, vyama vya akiba na jumuiya nyingi zimesajili majina yanayoishia na .or.ke, .sc.ke au .co.ke, ambayo husimamiwa na KeNIC. Ukishakuwa na jina, nawe ni mwenye kutoa maagizo, na unaweza kujidhuru mwenyewe. Fundi akikuambia "nimekuwekea reject, sasa mko salama", muulize kwanza: je, walimu na makatibu wetu huandika kwenye orodha za watu wengine? Ikiwa huandika, barua zao huko zitaanza kupotea.

Utaratibu wa busara ni wa hatua. Kwanza orodhesha kila kinachotuma barua kwa jina lenu: ofisi, tovuti, mfumo wa karo, huduma ya matangazo. Tia SPF, na kumbuka kwamba ina kikomo cha kuuliza DNS mara 10, hivyo usirundike huduma zisizotumika. Washa DKIM kwa kila huduma. Kisha weka DMARC ya kusikiliza tu, mfano:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:(anwani yenu ya kupokea ripoti)

Soma ripoti kwa wiki kadhaa. Utajua ni nani anatuma kwa jina lenu, wa halali na wa haramu. Ukiridhika, panda hadi "quarantine", na "reject" iwe ya mwisho. Njia nyingine nzuri ni kutenganisha: barua za mashine, kama risiti za karo, zitoke kwenye domeini ndogo yenye agizo kali, na watu waandike kwa domeini yenye agizo la upole.

Mwanachama wa kawaida afanye nini

Kwanza, usipopata tangazo, tazama folda ya spamu kabla ya kumlaumu katibu. Ukilikuta, liambie programu kuwa hilo si spamu, na uiweke anwani ya orodha kwenye daftari lako la majina.

Pili, ukitaka ushahidi, ifungue barua hiyo kwenye Gmail kupitia kompyuta, bonyeza vidoti vitatu pembeni, uchague "Show original". Juu utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja ukiwa na PASS au FAIL. Mpelekee msimamizi picha ya ukurasa huo. Ni msaada mkubwa kuliko maneno "barua hazifiki".

Tatu, kabla ya kubonyeza jibu, soma jibu linakwenda kwa nani. Jina la mtu likiwa na "via" mbele yake, kuna uwezekano linakwenda kwa wote.

Nne, PASS si ushahidi wa ukweli. Maana yake ni kwamba barua imetoka kwenye domeini inayodai. Tapeli naye anaweza kusajili domeini inayofanana na ya jumuiya yako kwa tofauti ya herufi moja na kupata PASS tatu. Barua inayoomba pesa ithibitishe kwa simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.

Neno langu

Wapo wanaosema DMARC ni dhuluma ya kampuni kubwa kwa watu wadogo, na wapo wanaosema wenye orodha ni wavivu wasiotaka kubadilika. Nionavyo mimi, kila upande una sehemu yake. Yahoo ilipofunga mlango wake mwaka 2014 ilikuwa inawalinda wateja wake, lakini mzigo wa matengenezo iliuacha mabegani mwa watu wasio na mshahara: msimamizi wa kujitolea anayeshughulikia orodha usiku baada ya kushuka matatu ya 125 na kula chajio. Huo si uadilifu. Hata hivyo zaidi ya miaka kumi imepita, na dawa zipo, tena bure. Orodha ambayo bado inapoteza barua leo inazipoteza kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Basi katika mkutano ujao wa jumuiya, ajenda moja iwe hii: nani ana nywila ya orodha yetu, lini mara ya mwisho alitazama waliosimamishwa, na mpangilio wa DMARC umewashwa? Jumuiya nyingi zitagundua kuwa aliyekuwa na nywila alihama Rongai zamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kujenga hapa ni kuwaandikisha upya watu 300, mmoja mmoja, wakati wengine wamekwisha kukata tamaa wakidhani kuwa walitengwa.